Nina gita la Gibson la 1964 na madeni yamenibana: niuze au nikomae nalo?

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hii ishu inaninyima usingizi, na nyumbani tumeshaiongelea mpaka tumechoka kuiongelea.

Nina Gibson ES-335 ya 1964, ile nyekundu ya cheri, nilinunua miaka mingi iliyopita kwa mzee mmoja mwanamuziki aliyekuwa anaacha kupiga. Kipindi kile lilikuwa gita zuri la zamani basi, leo hii watu wananiambia ni mali. Sikulinunua ili nije niliuze, nimelipiga sana tu, freti (vile vyuma vya shingoni) zimeshabadilishwa na ukilishika utajua limefanya kazi. Kwenye shughuli natumia jingine jipya, hili la zamani siku hizi linatoka kwa nadra sababu naogopa kulitembeza.

Sasa madeni. Mzazi aliumwa muda mrefu, matibabu yakala akiba yote alafu tukaanza kukopa. Ugonjwa ulishapita, mzazi yupo mzima namshukuru Mungu, ila madeni yamebaki na yako matatu: kuna mkopo wa haraka wa riba asilimia 3 kwa mwezi, huo ndo mkubwa, kuna kadi ya mkopo ambayo nayo riba yake inauma, na kuna hela ya dada yangu ambayo haina riba ila ndo inanifanya nishindwe kumtazama usoni tukikutana. Tuseme thamani ya gita ni 100 kwa bei ninazoona yanapouzwa, madeni yote kwa pamoja ni kama 50. Yani gita moja linamaliza kila kitu na chenji inabaki. Mwenzangu hajanilazimisha hata mara moja, anasema uamuzi ni wangu, na hiyo ndo inanipa uzito zaidi.

Kuna diliza (mfanyabiashara wa magita) kaliona kwa picha, anasema kesho keshokutwa anakuja na pesa taslimu. Mi sitaki kujutia hili miaka kumi ijayo, na pia sitaki kuendelea kulisha riba kwa ajili ya mbao na nyuzi. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Kordi_Saba

Usiuze mkuu. Deni linalipwa likaisha, ila gita kama hilo likishatoka mlangoni halirudi, sio kwamba halipo sokoni, lipo, ila la kwako wewe, lile shingo lake limeshazoea mkono wako, hulipati tena, na hata ukipata linalofanana bei yake itakuwa imeshakukimbia. Anza na vitu vingine. Una ampu ngapi? Una pedali? Lile gita jipya je? Watu wengi wakibanwa wanakimbilia kuuza kitu kikubwa kwa sababu kinamaliza shida kwa mkupuo, wakati kuna vitu vidogo vitano sita vimekaa kabatini havipigwi na havina historia. Uza hivyo, fanya kazi za ziada, kaa na mdai mwongee. Gita liwe la mwisho kabisa.

MamaMahesabu

Nakuheshimu Kordi_Saba na najua unaongea kwa upendo wa muziki, ila tuweke namba mezani kwanza.

Asilimia 3 kwa mwezi watu wanaisikia ndogo. Kama riba inalimbikizwa juu ya riba, deni la 100 baada ya miezi 12 linakuwa karibu 143. Sio 136, ni 143. Na kama mdaiwa anajitahidi kulipa riba peke yake kila mwezi basi mwaka mzima katoa 36 na lile 100 limekaa palepale halijatikisika. Hii ndo mikopo tunaita kausha damu na jina linaitosha.

Sasa mleta uzi kasema gita ni 100 na madeni ni 50. Tuchukulie madeni yote yanakimbia kwa hiyo asilimia 3 (hela ya dada haina riba najua, ila nataka tuangalie upande mbaya). Kwa mwaka 50 inazaa 21 hivi juu yake. Maana yake ili kulishikilia gita kuwe na faida ya kifedha, lazima hilo gita nalo lipande asilimia 21 ndani ya mwaka huohuo, na mwaka unaofuata lipande tena. Sijaona kitu cha kuning'iniza ukutani kinachopanda hivyo mwaka hadi mwaka.

Kuna swali moja sijaliona likijibiwa: deni limefungwa au bado linaongezeka? Maana kuna mtu anauza mali analipa deni, baada ya muda mfupi amekopa tena sababu matumizi yake ya kila mwezi yanazidi kipato, huyo hata auze magita kumi hatoki. Kwa huyo namwambia asiuze chochote mpaka aziba kule kunakovuja. Ila kama deni lilitokana na jambo moja lililopita, hapo kuuza kunamaliza kweli.

Mleta uzi

Asante dada. Deni limefungwa, tangu matibabu yaishe hatujakopa tena na kipato kinatosha matumizi ya kawaida, tatizo marejesho ndo yanakula kila kinachobaki.

Kordi_Saba nimekuelewa ndugu yangu. Ampu ninayo moja na pedali chache, nikiuza vyote sifikii hata sehemu ya kumi ya deni. Gita jipya ndo linaniingizia hela, siwezi kuligusa.

FundiShingo

Mkuu mimi natengeneza magita, niseme kitu kimoja kabla hamjaendelea na hesabu. Huyo diliza usimpe gita. Sisemi ni mwizi, nasema wewe mwenyewe bado hujajua unauza nini, na anayenunua anajua. ES-335 mbili zinazofanana kwa macho moja inaweza kuwa na thamani mara mbili ya nyingine, na tofauti yote iko kwenye vitu ambavyo kwenye picha ya simu havionekani.

Namba ya nyuma ya kichwa peke yake isikudanganye. Gibson miaka ya sitini walikuwa wanarudia namba, ileile inaweza kuwa kwenye gita la 63 na la 67. Angalia hivi: pima upana wa shingo pale juu kwenye kale kamfupa nyuzi zinapoingilia kichwani. La 1964 linatakiwa liwe karibu milimita 43. Mwaka 1965 wakaanza kubana shingo mpaka kama milimita 40, na hizo shingo nyembamba wapigaji wengi hawazipendi, ndo maana bei inashuka palepale. Alafu angalia nyuzi zinaishia wapi kwa chini. La 64 mengi yana kile chuma kifupi kilichokaa juu ya tumbo la gita kwa skrubu mbili nene, mwishoni mwa 64 kuingia 65 wakahamia kwenye kile kishikio kirefu kinachofungwa ukingoni. Kuwa makini hapa, kuna watu wamechukua magita ya miaka ya mbele wakatoboa matundu wakaweka chuma kifupi ili yafanane na ya zamani. Ukiona matundu madogo yamezibwa pale ukingoni kwa chini, jua.

Ndani: chukua kioo kidogo na tochi, ingiza mwanga kwenye tundu lenye umbo la f la upande wa nyuzi nyembamba, utaona migongo ya poti za volyumu na toni. Zina namba zimegongwa. 137 mwanzoni ni namba ya utambulisho ya kampuni ya CTS iliyozitengeneza, zinazofuata mbili ni mwaka na mbili za mwisho ni wiki. Ukisoma 137 64 na wiki fulani umefurahi, gita haliwezi kuwa la zamani kuliko poti zake zenyewe. Usijaribu kuzitoa, kwenye hili gita waya zote zinapita kwenye matundu ya f na mtu asiyezoea anaharibu soda (risasi ya kuungia waya) za kiwandani, na soda ambazo hazijaguswa ni hela.

Pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) unaweza kuziinua kwa kulegeza skrubu za fremu. Chini yake uone kibandiko kidogo cheusi kimeandikwa Patent No 2,737,842. Wengi wanashtuka wakiitafuta hiyo namba, maana sio ya pikapu, ni hataza ya kishikio cha nyuzi. Hataza ya pikapu yenyewe aliyoibuni Seth Lover ni 2,896,491. Gibson ndo walivyoandika kwa miaka yote hiyo, kwa hiyo namba "isiyo sahihi" hapo ndo dalili nzuri.

Alafu kichwa. Gibson wanakiegemeza nyuma kwa pembe ya digrii 17, ukijumlisha na ule mfereji wa chuma cha kurekebishia shingo pale nyuma ya kamfupa, mbao inabaki nyembamba sana, gita likianguka hata likiwa ndani ya boksi lake kichwa kinakatika. Mulika taa kwa pembeni utafute mstari. Kichwa kilichowahi kuvunjika hata kama kimeungwa vizuri na kinapiga safi, soko linakata kama nusu ya bei. Rangi iliyopakwa upya hivyohivyo, karibu nusu. Freti zilizobadilishwa hazina shida sana, kila anayepiga anajua freti zinaisha.

Na naomba sana usilisafishe. Usipake polishi, usibadilishe chochote, hata skrubu iliyooza. Nikeli iliyofifia na ule mpasuko mwembamba mwembamba wa rangi ndo ushahidi wako. Kama una vipande vilivyowahi kutolewa hata miaka ya nyuma vitafute kwenye madroo.

Mzee_wa_Besi

FundiShingo kamaliza upande wa gita, mi niongeze upande wa soko maana naona watu hapa wanaongea kama vile magita ya zamani yanapanda tu.

Yalipanda kwa kasi miaka ya 2000 mwanzoni mpaka 2008, kisha msukosuko wa fedha wa dunia ulipokuja bei zikaporomoka, hasa yale ambayo watu wa uwekezaji walikuwa wanayagombania bila hata kuyapiga. Waliolazimika kuuza wakati ule ndo walioumia, aliyekuwa na nafasi ya kusubiri alivuka. Wakati wa korona yakapanda tena watu walipofungiwa ndani. Kwa hiyo hii sio akiba ya benki, ni kitu kinachopanda na kushuka, na anayeamua siku ya kuuza ndo mwenye nguvu.

Lingine, usije ukaingia mtandaoni ukaona ES-335 ya 1964 iliuzwa dola 847,500 ukaanza kuota. Ile ni ya Eric Clapton, mpiga gita maarufu duniani, iliuzwa kwenye mnada wa Christie's 2004 kuchangia kituo chake cha kutibu waraibu kule Antigua. Mwaka 2019 David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd naye aliuza magita yake, ile Strat (gita la Fender) yake nyeusi peke yake ikaenda karibu dola milioni 4. Zile bei ni za mikono iliyoyapiga. Gita lako lina bei ya gita, na bei ya gita ni ile iliyolipwa, sio ile iliyoandikwa kwenye tangazo. Matangazo mengine yamekaa miaka hayajauzwa. Kwa hiyo hiyo 100 uliyosema, hakikisha umeitoa kwenye mauzo yaliyokamilika.

Kwangu mimi gita la zamani ni kitu cha kupigwa. Ukisema unaogopa kulitoa nje, nakuuliza kwa nia njema kabisa: linakufanyia nini sasa hivi?

Kordi_Saba

Mzee hapo nakupinga. Kitu kukaa kwenye boksi hakimaanishi hakina kazi. Kuna watu wanalifungua jioni wakipiga nyimbo mbili tatu roho inatulia, na mtu mwenye madeni anaihitaji hiyo kuliko yeyote. Mkimwambia auze kwa sababu halitoki nje mnamwambia furaha ya ndani haihesabiki.

Mzee_wa_Besi

Inahesabika, ndo maana nimeuliza na sijajibu kwa niaba yake.

Mleta uzi

Wakuu nimekaa nalo na fundi ninayemwamini, nimefanya yote mliyosema. Shingo inasoma milimita 43 kasoro kidogo. Chuma ni kile kifupi, ukingoni hakuna matundu yaliyozibwa. Poti zinasoma 137 na 64, vibandiko vya pikapu vipo viwili vyote. Kichwa hakina mstari. Rangi tulimulika kwa taa ya zambarau, fundi anasema imeng'aa sawa kila mahali, hakuna palipopakwa baadaye. Kilichobadilishwa ni freti na funguo za kukazia nyuzi, zile za zamani sinazo, mzee aliyeniuzia alishazitoa zamani. Boksi lake la asili lipo.

Nikauliza diliza yule anatoa kiasi gani hasa. Kataja 55 ukilinganisha na ile 100. Mauzo yaliyokamilika ya yanayofanana na hili, yaliyobadilishwa funguo, ni kama 95 mpaka 100, kwa hiyo sikukosea sana.

Mzee_wa_Besi swali lako limenichoma na nimelifikiria kwelikweli. Nikilifungua siku hizi naliona deni. Zamani nilikuwa nafungua naona muziki. Hilo ndo jibu langu la kweli, na sitaki litokee hivyo kwa gita lolote.

MamaMahesabu

Basi turudi kwenye namba, na hapa ndo mahali watu wanapopoteza hela nyingi kuliko riba yenyewe.

55 ya diliza sio wizi. Wengi wanatoa kati ya nusu na theluthi mbili, sababu wanaweka hela yao, wanakaa na mzigo, wanatoa dhamana kwa mnunuzi. Ila ukichukua 55, ukilipa 50, unabaki na 5 na gita limeenda. Njia ya pili ni mali kauli: unalikabidhi duka linalojua magita ya zamani, wanaliuza kwa niaba yako, wanakata komisheni, mara nyingi asilimia 15 mpaka 25. Tuseme 20, tuseme linauzwa 100, unapata 80. Tofauti na diliza ni 25.

Swali ni kwamba riba inakula kiasi gani wakati unasubiri. Deni la 50 kwa asilimia 3: baada ya miezi 6 limekuwa karibu 60, umepoteza 10 umepata 25. Hata ukiliuza mwezi wa 12, riba imekula kama 21, bado uko mbele. Ukivuka miezi 13 hivi ndo mali kauli inaanza kukuumiza. Kwa hiyo una muda, ila sio muda wa milele, na haraka ya kesho keshokutwa haina sababu yoyote kwenye hesabu, ina sababu kwa diliza tu.

Na huo muda unaweza kuurefusha. Nenda kwa mdai wa asilimia 3 kabla hajakufuata. Mwambie una mali unaiuza, onyesha karatasi ya tathmini, omba asimamishe riba au aishushe kwa muda maalumu. Wadai wasio na dhamana mkononi mara nyingi wanakubali, wengine wanakubali hata kupunguza deni wakilipwa lote kwa mara moja, kwa sababu wamezoea kutolipwa kabisa. Kitu chochote mtakachokubaliana kiwe kwenye maandishi kabla hujatoa senti, na kiandike wazi kwamba deni limekwisha, sio kwamba umelipa sehemu.

Njiwa_Mweupe

Samahani naingilia, kwa nini asiliweke rehani? Anachukua hela, analipa deni, akipata anakomboa gita lake. Hapo hajauza.

MamaMahesabu

Ndugu yangu hapo anahamisha deni tu, na anayeshika rehani anatoa sehemu ndogo ya thamani kwa riba ambayo kwa kawaida ni kali kuliko hiyo aliyonayo. Akishindwa mwezi mmoja, gita la 100 limeenda kwa 30 au 40. Kwa mtu ambaye marejesho tayari yanakula kila kinachobaki, hapana kabisa.

Bandari_Mwanga

Kitu hakijaguswa hapa. Ubao wa vidole wa 335 za miaka hiyo ni rozwudi ya Brazil, Dalbergia nigra, ukoo mmoja na mpingo. Huo mti uko kwenye Kiambatisho cha kwanza cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini) tangu 1992, ndo ulinzi mkali kabisa. Mwaka 2017 waliweka aina zote nyingine za Dalbergia kwenye Kiambatisho cha pili, wapiga magita wakahangaika kweli, 2019 wakalegeza kwa vyombo vya muziki vilivyokamilika. Watu wengi walisikia "wamelegeza" wakadhani na ya Brazil imo. Haimo. Ukilivusha mpaka kumuuzia mtu wa nchi nyingine bila kibali, gita linaweza kushikwa na hulioni tena.

Kibali kinapatikana, sababu mbao ilivunwa kabla ya sheria, ila unahitaji kuthibitisha umri wa gita na inachukua muda. Zile picha za poti na vibandiko alizokuambia FundiShingo zinakusaidia hapahapa pia. Kwa hiyo ukiona mnunuzi wa nje anatoa bei nzuri, mtajie kibali mwanzoni kabisa muone kama yuko tayari kusubiri. Na kama ni wa ndani ya nchi hakuna mpaka wa kuvusha, ila uliza kwanza sheria za huko ulipo.

Kuuza mwenyewe moja kwa moja inakupa hela nyingi kuliko mali kauli, ni kweli, ila kwa kitu cha thamani hii wanakuja na watu wabaya. Anayekulipa zaidi ya bei alafu anaomba umrudishie kilichozidi, kimbia. Anayetaka kulipa kwa njia ambayo malipo yanaweza kurudishwa baada ya gita kuondoka, kataa. Kama ni lazima mkutane, mkutane ndani ya benki, pesa ithibitishwe ndo boksi lifunguke.

FundiShingo

Naongezea hapo kwenye kusafirisha, maana nimepokea magita yaliyokatika vichwa njiani na wenyewe wakilia. Legeza nyuzi kidogo, sio zote mpaka chini. Jaza nguo laini chini ya kichwa na pande zote za shingo ndani ya boksi, kichwa kisiwe na nafasi ya kutingishika hata kidogo. Boksi la gita liingie ndani ya boksi lingine lenye sponji. Bima iwe ya thamani kamili, na piga picha kila hatua ya kufunga.

Kordi_Saba

Mleta uzi mimi nimesoma jibu lako kwa Mzee, la kwamba ukilifungua unaliona deni. Hapo nimenyamaza. Ulichobaki nacho sio kile nilichokuwa nakutetea. Ila nikuombe jambo moja: kabla halijaondoka lirekodi. Lipige vizuri, piga nyimbo zako zote unazozipenda, kwenye ampu nzuri, na sauti yake iwe safi bila pedali. Na kwenye chenji itakayobaki tenga kidogo ya kununua gita lingine la aina hiyo, lenye gogo la mbao katikati ya tumbo na matundu ya f, Gibson wenyewe wanatoa nakala za hilohilo la 1964, na kuna za makampuni mengine za bei ya kawaida zinazopiga vizuri sana. Usibaki na moja tu la kazi.

Mleta uzi

Wadau narudi kuwapa mrejesho maana mmenibeba.

Mwenye mkopo wa asilimia 3 nilimfuata na karatasi ya tathmini. Mwanzo alikuwa mkali, nikaendelea kukaa, mwishowe amekubali kusimamisha riba kwa miezi minne na kama nitalipa lote ndani ya hapo anapunguza sehemu ya riba iliyokwisha kulimbikizwa. Ameandika na kusaini. Wa kadi wamepunguza riba kidogo, hawakusimamisha. Dada nilimwambia ukweli wote, akasema hela yake nilipe ya mwisho, nimekataa, nitamlipa siku ileile.

Diliza nimemwambia hapana kwa heshima. Akapanda mpaka 62 kwenye simu hiyohiyo, nikajua FundiShingo alikuwa sahihi.

Nimeamua mali kauli. Nimepata duka ambalo magita ya zamani ndo kazi yao, komisheni asilimia 18. Nina rasimu ya mkataba mkononi, kabla sijasaini kuna kitu cha kuangalia?

MamaMahesabu

Hongera kwa kuongea na mdai, hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote. Kwenye mkataba angalia haya bila kuruka. Bei ya chini kabisa ambayo hawaruhusiwi kuuza chini yake bila kukuuliza. Muda: miezi mitatu, baada ya hapo unaweza kulichukua bila faini, huo utakuacha ndani ya miezi minne ya mdai. Siku ngapi baada ya mauzo unalipwa, isizidi wiki mbili. Na kubwa kuliko yote, iandikwe kwamba gita linabaki mali yako mpaka utakapolipwa, sababu duka likifilisika wadai wa duka wanaweza kudai kila kilichopo ndani, na karatasi hiyo ndo itakayolitoa gita lako. Kuhusu kodi uliza huko ulipo, nchi nyingine zinakata kodi kwenye faida ya mauzo ya namna hii, nyingine hapana, ijue mapema isije ikakula hela ya deni.

FundiShingo

Na bima ya moto na wizi likiwa dukani iwe yao, kwa bei iliyokubaliwa. Na chumba kiwe na unyevu wa wastani, asilimia 45 mpaka 55, usikubali litundikwe dirishani kwenye jua, cheri ya miaka hiyo inafifia haraka ikipigwa na jua.

Mleta uzi

Bima haikuwepo kwenye rasimu, na kipengele cha umiliki kilikuwa kimeandikwa kimafumbo. Nimewarudishia, wameongeza vyote viwili, muda wameshusha kutoka miezi sita hadi mitatu na bei ya chini tumeweka 90. Kurekodi nimesharekodi, Kordi_Saba nitakutumia. Tumesaini leo na gita liko dukani.